Nani Atachangia Wakili?

Fungua simu yako uhesabu magrupu ya WhatsApp uliyowahi kuongezwa bila kuulizwa. Kuna la bili ya hospitali. Kuna la matanga. Kuna la karo ya binti wa jirani, la harusi ya mtu mliyeachana naye darasa la nane, la paa la kanisa la kijijini ambako hujakanyaga tangu Krismasi ya mwaka juzi. Kila moja lina mweka hazina, lina orodha inayorefuka kila mtu akituma, na lina yule msee mmoja anayeandika "natuma jioni" wiki tatu mfululizo.

Sasa niambie: ni lini uliongezwa kwenye grupu la kumchangia jirani wakili wa kesi ya shamba?

Nimewauliza watu wengi swali hili kwenye barabara ya Embu hadi Meru, ndani ya matatu, kwenye vibanda vya chai Runyenjes, Chuka na Makutano. Kwanza watu hunyamaza, halafu hucheka. Wakili ni wa wenye nazo, wananiambia. Lakini ukikaa nao kidogo, karibu kila mtu anamjua mtu aliyepoteza ardhi, watoto au miaka ya ujana wake rumande kwa sababu hakukuwa na mtu wa kusimama upande wake kortini. Tunajua kesi inaweza kuimaliza familia kama ugonjwa unavyoimaliza. Ugonjwa tunauchangia. Kesi tunaiangalia.

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu kuna kazi nzima iliyojengwa pale tunapokataa kuchanga. Kuna watu, wengi wao wa rika langu na lako, ambao ajira yao ni kutafuta pesa ili mtu asiye na kitu apate wakili bila kulipa. Si mawakili. Ni wale wanaoandika maombi ya ufadhili usiku kucha, wanaopanga bajeti, wanaoandaa ripoti za kila robo mwaka, wanaowapokea wageni waliokuja kuona pesa zao zinafanya nini. Kituo cha Sheria kilianzishwa 1973, FIDA Kenya 1985, na tangu wakati huo hakuna ofisi ya msaada wa kisheria nchini iliyowahi kufungua mlango asubuhi bila mtu wa aina hii nyuma yake. Nikiwatazama kwa karibu naona jambo moja linalonisumbua: huduma inaitwa ya bure, lakini mteja analipa. Analipa kwa stori yake.

Ili tuelewe tulifikaje hapo, turudi kwenye lile grupu ambalo halipo.

Malaria haina mjomba kwenye kamati ya harambee. Ukimchangia mtu asafishwe figo, hakuna anayekununia sokoni kesho yake. Kesi ni tofauti, kwa sababu kesi ina upande wa pili, na upande huo una jina, na mara nyingi ni jina lile lile la mlalamikaji. Chukua kesi ya kawaida kabisa huku kwetu. Mume amefariki, arubaini haijaisha, na kaka zake wanamwambia mjane afungashe arudi kwao. Sheria ya Mirathi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, inamtambua mjane huyo, na inawatambua watoto wake wa kike sawa na wa kiume. Lakini sheria ni karatasi mpaka mtu aibebe hadi kortini, na kuibeba kunataka nauli, ada na mtu anayejua faili inafunguliwaje.

Nani atachanga? Mweka hazina ni binamu ya shemeji. Mchungaji anawabatizia wote wawili watoto. Mwenye duka anauzia pande zote mbili sukari. Ukituma mia tano, jina lako linaingia kwenye orodha na orodha inasomwa. Mchango wa hospitali unasomwa kama upendo, ila mchango wa wakili unasomwa kama kura. Hakuna anayetaka kupiga kura ya wazi kwenye ugomvi wa boma la watu.

Kuna wanaosema tuna wazee, tuna Njuri Ncheke, kwa nini kukimbilia korti. Ni kweli, na wazee wanaoketi Nchiru wamemaliza magomvi mengi ambayo korti ingeyaburuta miaka kumi. Lakini hata huko mtu hapeleki kesi mikono mitupu. Kuna mnyama, kuna chakula cha wanaoketi kusikiliza. Silaumu. Haki haijawahi kuwa bure mahali popote, kilichobadilika ni nani analipa na kwa sarafu gani. Tena kazi ya wazee ni kupatanisha, watu waendelee kuishi pamoja. Kupatanishwa ni kuzuri ukiwa na uzito nyumbani. Ukiwa mjane wa kuja, kupatanishwa kunaweza kumaanisha ukubali robo ya kilicho chako na ushukuru.

Msinielewe vibaya, tunajua kuchangia kesi. Tunafanya hivyo adui akiwa nje.

Ushahidi mzuri zaidi unatoka Meru nyingine, ile ya Tanzania, chini ya mlima wenye jina hilo karibu na Arusha. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu watu kama 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa kizungu. Wameru wale hawakuwa na pesa za kuchezea, lakini walichanga. Kupitia umoja wao walimtuma Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, hadi Umoja wa Mataifa jijini New York mwaka 1952 kuwaambia walimwengu yaliyowapata. Ardhi haikurudi wakati ule. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura. Lakini fikiria wakulima wa miaka ya hamsini wakichangia nauli ya baharini na angani kwa ajili ya kesi! Waliweza kwa sababu kila mtu kijijini alikuwa upande mmoja.

Mbeere nako kunatufundisha jambo hilo hilo. Upimaji wa ardhi ulipofika huko, koo ziligeukiana na kesi zikajaa. Mwanaanthropolojia Jack Glazier aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka 1985. Ukoo ukishtakiana na ukoo mwingine, watu husimama pamoja. Ni mtu mmoja dhidi ya ukoo wake mwenyewe ndiye anayebaki peke yake.

Na kabla hujanitajia Juni 2024, naitaja mwenyewe. Kizazi chetu kilichanga. Mamilioni ya shilingi yalikusanywa mtandaoni kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa, na mawakili, wakiongozwa na Chama cha Mawakili chini ya Faith Odhiambo, walizunguka vituo vya polisi wakiwatoa waandamanaji bila kudai hata nauli. Ilikuwa nzuri na nitaikumbuka maisha yangu yote. Lakini serikali iko mbali. Mjomba yuko hapa, na Krismasi tutakula naye.

Hapo ndipo mgeni anapoingia. Waswahili walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mtu wa Toronto au Copenhagen hana shemeji Siakago. Anaweza kumlipia mjane wakili bila kununiwa na mtu. Umbali wake ndio unaomfanya awe huru, na huo uhuru una faida ambayo sisi wa karibu hatuwezi kuitoa. Tusimdharau.

Kesi kubwa zaidi ya aina hii iliwahi kutokea hapa hapa Meru mjini. Oktoba 2012 shirika la Ripples International, lenye makao ya kuwahifadhi wasichana huku, lilifika Mahakama Kuu ya Meru pamoja na watoto kumi na mmoja walionajisiwa. Hawakuwashtaki wanajisi. Waliwashtaki polisi, kwa kushindwa kuchunguza malalamiko yao. Waliungwa mkono na shirika la Kanada, The Equality Effect, na kesi ikajulikana duniani kama ya wasichana 160, idadi ya wale ambao ilitaka kuwasemea. Mei 27, 2013 Jaji J. A. Makau aliamua kwamba polisi kwa uzembe wao walikiuka haki za kikatiba za watoto wale, akaagiza uchunguzi ufanywe ipasavyo. Uamuzi huo haukuwa wa watoto wale pekee. Mtoto wa Turkana au Kwale ambaye hajawahi kusikia neno Meru anaweza kuutumia leo.

Tazama jina la kesi hiyo kwenye kumbukumbu za mahakama: C. K., mtoto, kupitia Ripples International. Herufi mbili tu. Mahakama ilijua kwamba mtoto anayedai haki hapaswi kuinunua kwa jina lake, ndiyo maana ikalificha.

Sasa linganisha na kazi ya kuchangisha. Mahakama inaficha jina, changizo linataka uso. Wakili anamwambia mteja asizungumze na mtu yeyote kuhusu kesi. Mchangishaji, anayelipia wakili yule yule, anahitaji mteja azungumze. Ofisi mbili zinashiriki korido moja na birika moja la chai, na zinamwomba mtu yule yule vitu viwili vinavyopingana.

Mimi si mwanasheria. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipa, na mojawapo ya vinavyolipa ni "hadithi za mafanikio" za mashirika madogo. Maagizo hufanana: maneno mia sita, jina libadilishwe, nukuu moja yenye hisia, picha ya mikono au ya mgongo, mwisho uwe na matumaini. Wakati mmoja niliketi na mama mmoja upande wa Mbeere, chini ya mwembe, daftari magotini. Aliniruhusu niulize kila kitu. Halafu akaniuliza yeye.

"Kijana, hii unayoandika inaenda wapi?"

"Kwa watu wanaosaidia kulipa wakili, mama. Wako Ulaya."

"Watanijua?"

"Hapana. Jina tunabadilisha."

Akafikiri. "Hao wa Ulaya hata ukiweka jina langu hawatanijua. Lakini hapa, mtu akisoma kuna mjane mwenye mapacha ambaye muguka wake ulikatwa usiku, atashindwa kujua ni mimi?"

Sijakutana na hoja kali kuliko hiyo katika maandishi yoyote ya maadili. Tunabadilisha jina ili kumlinda mtu dhidi ya wageni, ambao hawana ubaya naye. Wale wanaoweza kumdhuru hawahitaji jina. Wanahitaji mapacha na muguka. Na siku hizi kile kinachowekwa kwenye tovuti kwa ajili ya Copenhagen kinafika Kiritiri jioni hiyo hiyo, kwenye simu ya shemeji. Niliandika bila mapacha na bila muguka. Maandishi yalirudishwa na maoni mafupi: stori haina rangi.

Hilo ndilo tatizo lenyewe. Rangi inayomfanya mgeni atoe pesa ndiyo inayomtambulisha mteja nyumbani. Kila kipande cha ukweli kinachoongeza mchango kinaongeza na hatari.

Utaniambia: lakini alikubali, aliweka sahihi. Ndiyo, huwa wanaweka. Kuna fomu, na fomu inasomwa kwa sauti, na kidole gumba kinabonyezwa kwenye wino. Lakini kukubali kunataka uwezo wa kukataa. Mtu ambaye wakili wake analipwa na shirika, na shirika hilo ndilo linaloomba picha, anapimaje uwezo wake wa kusema hapana? Hakuna aliyemtishia. Hakuna haja. Anajua mkono mtupu haulambwi, na kitu pekee mkononi mwake ni yaliyompata.

Wapo watakaosema basi tuache kabisa, tuchangishe bila stori yoyote ya mtu. Ningependa iwe rahisi hivyo. Mchangishaji anayekataa kusimulia atabaki na roho safi, na faili ya mjane itabaki kabatini. Usafi wa mikono unaolipiwa na mtu mwingine si maadili, ni anasa. Pia sikubaliani na wale wanaosema kwamba kulipwa mshahara kwa kazi hii ni kula kwa shida za watu. Daktari anakula kwa magonjwa, mwalimu kwa ujinga wetu, fundi wa majeneza hata tusimseme. Kazi nzuri inastahili kulipwa. Kinachopaswa kuulizwa ni inaomba kwa lugha gani.

Na hapa nadhani tumekosea njia kwa muda mrefu. Tunaomba kana kwamba wakili wa maskini ni zawadi. Zawadi huombwa kwa machozi, kwa sababu mtoaji hana wajibu na lazima aguswe. Lakini fungua Katiba ya 2010. Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki, na kama kuna ada, isiwe kizuizi. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo bila wakili angedhulumiwa sana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ikaunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria na mfuko wake, ikawatambua hata wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Yule mama wa Mbeere anadai kitu. Ana deni, na mdaiwa anajulikana.

Deni haliombwi kwa machozi. Linaombwa kwa hesabu. Mwenye kudai anaonyesha karatasi, si kovu. Mchangishaji anayeelewa hivi atamwandikia mfadhili kwa namna nyingine: hapa kuna deni ambalo serikali haijalilipa, sisi tunalilipa kwa sasa huku tukiidai, hizi hapa ni siku ambazo mawakili wetu walisimama kortini, hizi ni faili zilizofunguliwa na zilizofungwa, huu ni uamuzi uliobadilisha sheria kwa watu wote. Ile kesi ya 2013 inaweza kusimuliwa yote, kwa nguvu zote, bila kuuonyesha uso wa mtoto hata mmoja. Kuna stori ya kutosha kwenye kazi yenyewe. Polisi walifanya nini, jaji alisema nini, nini kilibadilika. Uza kazi, usiuze mtu.

Najua, mgeni hutoa zaidi akiona uso. Inawezekana tukapata kidogo. Lakini lugha ya huruma nayo ina gharama ambayo haiandikwi kwenye bajeti, na tuliiona juzi tu. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kufikia Julai mosi mwaka huo, USAID ilikuwa imeacha kuendesha misaada hiyo. Wafadhili wengine nao wanapunguza. Huruma ya mgeni iko hivyo: ni yake, anaweza kuondoka nayo. Deni halina uhuru wa kuondoka.

Na kwa kesi, kuondoka katikati ni kubaya kuliko kutokuja. Mradi wa kisima ukikwama, kijiji kinabaki na shimo na kiu ile ile ya zamani. Mradi wa kesi ukikwama, mjane hayuko tena pale alipokuwa. Ameshawashtaki shemeji zake. Ameshasimama mbele ya jaji akasema maneno ambayo hayawezi kurudishwa mdomoni. Chifu anajua, kanisa linajua, watoto wake wanatengwa na binamu zao. Kesi hutajwa, huahirishwa, hutajwa tena. Inaweza kula miaka mitano au minane. Fedha za mradi zina mwaka mmoja, zikibahatika mitatu. Kesi haijui mwaka wa fedha. Kwa hiyo anayechangisha pesa za wakili anatoa ahadi kubwa kuliko mfuko wake, na nadhani lazima aiseme wazi mapema, kwa mteja na kwa mfadhili: tukianza, tunamaliza, na hii hapa ni akiba ya kumalizia. Kama akiba hiyo haipo, ni afadhali kupokea wateja ishirini na kufika nao mwisho kuliko kupokea mia na kuwaacha njiani wakiwa uchi.

Kuna kipimo ambacho ningependa kila mtu wa kazi hii akibandike juu ya meza yake. Kabla ya kutuma ombi la ufadhili, lisome kwa sauti mbele ya mtu unayemwandika, kwa lugha yake, Kimeru, Kiembu, Kimbeere. Ukifika pahali unapotaka kuruka, umepata sentensi ya kufuta. Na mwache aseme hapana bila faili yake kuhama kutoka juu ya rundo kwenda chini. Mtu anayeandika fomu ya ridhaa asiwe yule yule anayeamua nani apate wakili.

Lakini hayo yote ni ya mchangishaji na mgeni. Bado hatujajibu kuhusu sisi tulioko karibu, sisi wa magrupu.

Nilisema hatuchangi kwa sababu kuchanga ni kupiga kura ya wazi. Basi tuchange kabla ya uchaguzi. Mwaka 1971 mwanafalsafa wa Marekani John Rawls aliwaomba wasomaji wake wafanye jambo la kuwazia tu: pangeni sheria za jamii yenu bila kujua mtazaliwa nani, tajiri au maskini, mume au mke. Mtu asiyejua atakuwa nani atamkumbuka aliye chini, kwa sababu huenda ni yeye. Watu wanaona hiyo ni falsafa ya vitabuni, lakini mama zetu wameifanya miaka yote. Inaitwa chama cha matanga. Unatoa mia kila mwezi bila kujua nani atakufa. Siku msiba ukitokea hakuna anayeuliza marehemu alikuwa wa upande gani. Pesa zilishatoka zamani, mikononi mwa watu ambao hawakujua.

Wakili anaweza kuchangiwa vivyo hivyo. Chama chenye watu 300, kila mmoja mia kwa mwezi, kina shilingi 360,000 kwa mwaka. Haziwezi kuendesha kesi kubwa ya ardhi hadi Mahakama ya Rufaa. Zinaweza kulipa ada za kufungua faili, nauli za kwenda Embu mjini kila kesi inapotajwa, posho ya msaidizi wa kisheria anayejua mlango gani wa kubisha. Mjomba naye atachanga, kwa sababu leo bado hajui kama yeye ndiye atakayefukuza au binti yake ndiye atakayefukuzwa huko alikoolewa. Uamuzi wa nani asaidiwe usiachwe kwa kamati ya kijiji. Upewe mtu wa nje, wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu, ili mweka hazina asiwe hakimu.

Utasema hakuna atakayetoa mia kwa kitu kama hicho. Labda. Lakini hatujawahi kuulizwa. Wachangishaji wamejifunza kumwandikia mtu wa Copenhagen kwa ufasaha, wakadhani mtu wa Gakoromone hana cha kutoa isipokuwa stori. Hawajawahi kumletea risiti.

Dhidi ya serikali tulionyesha kwamba hatuogopi. Kumchangia shangazi dhidi ya baba zetu ni ujasiri mwingine, na hauji siku ya kesi, wakati kila mtu anaangalia orodha. Unawekwa akiba mapema, mia kwa mia, wakati bado tunakula pamoja.